Dakika Arobaini za Kiamuturi

Jumatatu, 17 Machi

Leo nimeua watu kumi na tisa kabla ya chai ya saa nne, na Chief Ngatia akapiga makofi.

Niandike vizuri, maana nikisoma haya siku za usoni nitadhani nilirukwa na akili. Mvua ya masika imeanza mapema na wakubwa wametuletea mradi. Msichana wa chuo kikuu kutoka Nyeri, anaitwa Wendy, alifungua kompyuta yake juu ya meza yangu. Ndani mna mteremko mzima wa Kiamuturi: kila nyumba, kila kijia, mashamba ya majani chai, na shule ng'ambo ya bonde, mahali palipo salama. Akili bandia inanyesha mvua ya kuigiza na kuwaendesha watu wa kuigiza, ambao wanabisha, wananung'unika, wanarudi kuchukua blanketi. Kazi yangu mimi, DO, afisa wa tarafa hii, ni kuamua saa ya kuwaamuru wahame. Nikichelewa, udongo unashuka nao. Nikiwahi mno wananuna, na siku nyingine hawanisikii. Nikimaliza, inanionyesha nilichofanya, kisha tunaanza upya.

"Haiamui," Wendy alisema. "Decision ni yenu. Hii ni mazoezi tu, ndio ile siku ya ukweli isikuwe mara yenu ya kwanza."

Basi nikacheza. Nilimwuliza chief, nikamwuliza Wendy, nikauliza kipima mvua kinasemaje, na mlima ukashuka nikiwa bado nauliza.

"Madam ametumaliza!" Chief akasema, tumbo likitikisika kwa kicheko. Yeye ni mzaliwa wa hapa na anajua hadi majina ya ng'ombe. Tangu nihamishwe kutoka Bungoma mwezi wa Januari, ndiye macho yangu na masikio yangu.

Shiku, anayetupikia chai ofisini, alikuwa amesimama mlangoni na birika. Anaishi Kiamuturi na mumewe na mtoto mdogo. Akauliza, "Na kwangu iliendaje?"

Wendy akatafuta nyumba. "Imeenda."

Shiku akacheka, akatumiminia chai.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Nguo nilizofua Jumapili zimeanza kunuka kama mbwa.

Jumatatu, 24 Machi

Kikao cha pili. Mashine imetupima tabia. Chief ana haraka: akiona wingu juu ya milima ya Aberdare, amehamisha watu. Mimi ni kinyume. Iliniandikia kwenye kioo cha kompyuta, kwa Kiswahili safi kuliko cha mkubwa wangu: "Huchelewi kwa kukosa habari. Unachelewa kwa kutafuta mwenzako wa lawama."

Niliwaka. Nilimwambia Wendy kuuliza si ujinga. Akasema si ujinga, lakini kuna saa ya kuuliza na saa ya kunyamaza uamue. Msichana mwenyewe hajafikisha miaka thelathini. Nilimjibu vibaya, na hata chai sikunywa.

Usiku huu naona kuwa ni kweli, na ndiyo maana iliniuma.

Jumamosi, 29 Machi

Anayeniletea maziwa ni Shosho Wamucii, bibi kizee mjane wa Kiamuturi mwenye ng'ombe mmoja anayempenda kuliko kanisa. Leo akinipimia alisema, "Mwari, huo udongo juu ya boma yangu umefungua mdomo. Naweza ingiza mkono mpaka hapa." Akanionyesha kiwiko.

"Umemwambia chief?"

"Chief anajua. Hakuna kitu chief hajui."

Nilipanda kwenda kuona. Mkono wangu uliingia, na ukatoka na baridi.

Jumatano, 2 Aprili

Leo tumefanya zoezi la watu halisi, na nimejivunia kazi yangu kwa mara ya kwanza tangu nije huku kwenye ukungu.

Wageni wa mradi kutoka serikalini walikuja na magari matatu. Hema, viti, soda, mkate. Saa nne chief akapuliza filimbi kutoka kanisani, nasi tukasimama uwanjani mwa shule tukitazama ng'ambo. Watu wakatoka. Hakuna aliyesukumana, hakuna aliyerudi ndani. Walishuka kwa mstari mmoja, wazee wakiwa na makoti ya Jumapili, wakavuka daraja na kuja kukaa kwenye nyasi. Wa kwanza kabisa alikuwa Griffins, mumewe Shiku, bawabu wa usiku mjini Kangema. Alikuwa bado na koti la kazi, mtoto mgongoni, macho mekundu kwa usingizi. Chief akamshika mkono akamwonyesha kwa wageni: "Huyu ni kama army!"

Dakika arobaini. Nyumba zote. Wageni walipiga makofi, na mmoja akasema Kiamuturi ni mfano wa kuigwa. Chief alitembea kati yao kama baba wa bibi harusi.

Wendy aliiingiza ile nambari kwenye kompyuta palepale. "Kumbe tulikuwa tunakisia tu," alisema. "Sasa tuko na data ya ukweli."

Jumanne, 8 Aprili

Sikuua mtu. Kwa kuwa sasa mashine inajua watu wanatoka kwa dakika arobaini, inatupa nafasi ya kupumua: tunaweza kungoja hadi mvua kubwa yenyewe ianze, ndipo tupulize. Niliamua peke yangu, bila kumwangalia mtu usoni, mara nne mfululizo. Wendy akanionyesha mstari wangu ukipanda. Nilinunua samaki jioni, nikajipikia ugali wa kwetu.

Jumamosi, 12 Aprili

Baridi. Mvua. Ndoo mbili chini ya paa linalovuja.

Jumamosi, 19 Aprili

Kesho ni Pasaka. Mvua ya siku mbili imeupanua ule mdomo juu ya boma la Shosho, nikaamua nyumba nne za juu zihame hadi Jumanne. Nyumba nne tu. Chief alipuliza filimbi baada ya chakula cha mchana, nami nikapanda na gambuti zangu miguuni.

Sijui niseme nini. Wa nyumba ya kwanza hawakutaka kuondoka kabla kijana wao hajarudi kutoka Kiriaini na ufunguo wa stoo. Wa pili walikuwa na ng'ombe anayezaa. Katika ya tatu kulikuwa na mzee asiyeweza kutembea, na mkaza mwanawe alikuwa tayari kumbeba, lakini mzee akakataa katakata kubebwa na mke wa mwanawe, ikabidi mwana aitwe kutoka sokoni. Shosho mwenyewe alikuwa anakamua. Ng'ombe wake hapelekwi mahali na maziwa ndani.

Giza lilikuwa linaingia walipofika shuleni. Nilimwuliza Chief, "Siku ile walitokaje kwa dakika arobaini?"

"Ni Pasaka, Madam. Watu wako na wageni."

Nimekubali. Lakini swali limebaki.

Jumanne, 22 Aprili

Shosho amerudi kwake, na maziwa yamerudi kwangu. Nilimtania: "Siku ya zoezi ulivuka mbele ya vijana. Juzi ukatuzungusha mchana kutwa."

"Ile ya wageni?" Alicheka hadi akaweka kopo chini. "Ile tuliambiwa Jumapili kanisani. Chief akasema serikali inakuja, tusimwaibishe. Tukakamua mapema, tukapeleka ng'ombe nyuma ya shule. Wenye wako na simu wakatumiwa message. Huyo Griffins alitoka kazi akanyimwa kulala, ati akuwe wa kwanza. Mimi nilikuwa kwa kiti, nimevaa, kibeti changu cha pesa kwa mapaja, nangojea filimbi tu."

"Na bila kuambiwa, Shosho?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama jua huchomoza. "Lakini bila kuambiwa, hiyo ni filimbi ya nini?"

Nilisahau kumlipa. Naye hakunikumbusha.

Jumatano, 23 Aprili

Nilimwita chief ofisini, nikafunga mlango. Nilitaka kuanza kwa utulivu. Sikuweza.

"Uliwaambia."

Hakujifanya. Alivua kofia yake ya kazi, akaiweka gotini. "Niliwaambia."

"Kwa nini?"

"Madam, mgeni akikuja kwako, unamwonyesha room haijafagiliwa?"

Nilimwambia hakuwa ananionyesha chumba, alikuwa anatuonyesha jinsi watu watakavyokufa. Nilimwambia Wendy ameitia ile nambari kwenye mashine, na kwa wiki tatu mimi nimekuwa nikijizoeza kungoja. Nimejizoeza vizuri! Nimepongezwa! Nilimwambia njia ya mwongo ni fupi, na hii inaishia chini ya matope. Sauti yangu ilisikika hadi barabarani, najua, kwa sababu mashine ya kusaga ya jirani ilizimwa.

Alingoja nimalize. Kisha akasema polepole, "Mimi nimekuwa chief miaka mingi. Kila mgeni, kila zoezi, tunapanga watu. Shule wanapanga. Hospitali wanapanga. Hakuna siku mtu alikuja akasema, onyesha mimi ile iko ovyo. Hata wewe, Madam, ulifurahi. Hukuuliza ng'ombe wako wapi."

Hilo lilinipata. Niliwaona wale ng'ombe nyuma ya shule siku ile. Nilidhani ni wa mwalimu mkuu.

"Watu wangu si wajinga," akasema. "Sikutaka waonekane wajinga."

Nilimwambia atoke. Nimekuwa nikimwona kama baba, na leo nimemchukia. Nalo lingine linaniuma vilevile: kwamba bila yeye siwezi kumhamisha hata kuku Kiamuturi.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimefanya zoezi langu bila kumwambia mtu, hata chief. Asubuhi saa tatu nilisimama kanisani nikapuliza filimbi hadi mashavu yakauma.

Watu walikuwa shambani, wakichuma. Waliinua vichwa. Wakanitazama. Wakainama tena. Mwanamume mmoja alinipungia mkono. Waliokuja shuleni hawakujaza darasa moja, wengi wao watoto waliodhani kuna soda.

Niliwauliza akina mama wa shamba la karibu mbona hawakutoka. Mmoja akanijibu kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni njia: "Hii si ya ukweli, Madam. Ya ukweli tunaambiwanga na chief."

Nilikaa kwenye ngazi za kanisa. Nilidhani uongo ule uliidanganya mashine peke yake. Kumbe uliwafundisha watu. Sasa Kiamuturi nzima inajua kwamba filimbi isiyotanguliwa na taarifa si kitu, na mlima hautumi taarifa.

Jumatatu, 28 Aprili

Wendy alikuja, na nilimwambia yote mbele ya chief. Hakumlaumu. Alifuta zile dakika arobaini, akaweka saa nne, kisha saa tano, na akawafanya watu wa kuigiza waipuuze filimbi kama walivyonipuuza mimi.

Tukacheza asubuhi nzima. Nikingoja mvua kubwa, wanakufa. Nikipuliza mvua kubwa inapoanza, wanakufa njiani, kwenye daraja, na hilo ni baya zaidi. Wanapona tu nikiamuru mapema, wakati udongo umeshiba maji ya juma zima lakini mbingu bado ni nyeupe na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeona sababu ya kuhama.

Chief hakucheka hata mara moja. Mwishowe akavuta kiti karibu na kioo. "Hii ya kona ni ya nani?"

"Sisi tunaweka tu namba," Wendy akasema.

"Hii ni ya Wamucii. Hii ni ya Shiku. Hii ni ya huyo mzee hatembei." Aliweka kidole juu ya kila nyumba, akizitaja zote, na hakukosea hata moja. Nyingi zilikuwa chini ya rangi nyekundu. Kisha akasema, "Rudia tena."

Tulirudia hadi betri ikaisha.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. Chief amepanda Kiamuturi kila siku juma hili. Hatusemezani zaidi ya kazi.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua. Mdomo wa juu ya boma la Shosho sasa unameza mguu.

Jumatano, 7 Mei

Saa sita na nusu mchana. Jua linawaka, nguo zangu ziko kwenye kamba kwa mara ya kwanza katika mwezi. Wendy amepiga simu: watabiri wa hewa wanasema mvua kubwa inaingia jioni, na mteremko umeshiba. Ameendesha ile mashine mara nyingi asubuhi hii. Katika nyingi, Kiamuturi inashuka leo au kesho. Katika nyingine haishuki kabisa.

Nilimpigia mkubwa wangu kumweleza. Akasema, "Una hakika?" Nikasema sina. Akasema, "Basi subiri kidogo uone." Nilishika simu nimpigie mwingine, mtu yeyote atakayesema ndiyo. Nimeiweka chini.

Namwita chief. Tunahamisha watu.

Alhamisi, 8 Mei

Nimekaa darasa la nne na nguo za jana. Naandika kwa sababu siwezi kulala, na kwa sababu kesho kila mtu atakuwa na habari yake.

Chief hakubishana. Aliuliza kitu kimoja tu: "Nipulize filimbi?"

"Watatoka?"

"Hawatatoka."

Kisha akasema, "Siku ya leo watu wako buying centre. Twende huko."

Kituo cha majani chai kiko katikati ya mteremko, ukumbi wa mabati usio na kuta. Watu walikuwa wamejaa na vikapu vyao wakingoja lori. Chief alipanda juu ya mzani. Nilidhani ataamuru, maana sauti anayo. Badala yake alivua kofia. Alianza kwa Kikuyu, akaniona, akageuza ili nami nisikie.

"Siku ya wageni niliwadanganya na mkanidanganya. Tulipanga. Mlinifanyia heshima na mimi nikaikula. Sasa mnaniangalia mkingoja niwaambie kama hii ni ya ukweli. Ya leo sikuambia mtu jana. Sikuambia mtu kanisani. Hata mimi nimejua saa hii, na naogopa. Hiyo mlima haitanitumia message."

Nilisikia majani yakitulia ndani ya vikapu. Sijawahi kumwona mtu wa cheo akijivua hivyo mbele ya watu anaokutana nao kila siku ya maisha yake. Nilikuwa nimemchukia mtu huyu wiki mbili, na nilitaka kulia.

Mzee mmoja akacheka kwa dharau. "Kwa hivyo tuache majani yaoze?"

"Yaoze," Chief akasema.

Shosho Wamucii ndiye aliyeinuka kwanza. Hakusema jambo la maana sana. Alisema, "Basi wacha nikakamue," akaondoka na kikapu chake kikiwa bado kimejaa. Ndipo wengine wakaanza kuinuka, wakinung'unika, wakitukana serikali, wakinitukana mimi kwa lugha wanayodhani siielewi.

Filimbi ilipulizwa saa saba na nusu. Watoto wakubwa walikuwa shuleni tayari, na hiyo ilitusaidia. Mengine yote yalikuwa kama siku ile ya Pasaka, lakini sasa ni mteremko mzima: funguo, kuku, godoro, TV, mtu anarudia kitambulisho. Yule mzee asiyetembea alibebwa na chief mwenyewe. Saa tisa jua likazimika kama taa. Mvua iliposhuka haikuwa ya matone. Kijia kikawa mto, watu wakashikana mikono kwenye daraja, na kila nilipotazama juu niliona bado kuna mabati, na chini ya mabati bado kuna watu.

Shiku nilimwona saa kumi akivuka na mtoto. Nilimwuliza Griffins. "Nimemwamsha. Anakuja na godoro." Jana usiku hakuwa na zamu ya kazi, ndiyo maana alikuwa bado amelala. Nilisema sawa. Nilisema sawa, nikageuka kumshika mama mwingine mkono.

Saa kumi na mbili na nusu, bado kuna mwanga kidogo, ulisikika mlio kama lori linalomwaga kokoto. Sehemu yote ya juu ya Kiamuturi ilitembea. Miti ilishuka ikiwa imesimama wima. Boma la Shosho, zile nyumba tatu za jirani zake, kituo cha majani, vyote vikaenda, halafu pakawa na harufu ya udongo mbichi na vilio vya akina mama.

Tulianza kuhesabu kwa familia. Zaidi ya watu mia mbili. Nyumba baada ya nyumba, chief akiita, wao wakiitika. Alipoita ya Shiku, Shiku aliitika peke yake.

Alikuja mbele yetu. Hakupiga kelele. Aliongea kama mtu anayetafuta kosa lake mahali alipoliweka. "Nilimwambia ni ya ukweli. Akasema hapana, ni ya kujaribu watu, kama ile Madam alipuliza Jumamosi. Akasema ya ukweli Chief hutuma message, kama ile siku. Akaangalia simu. Akasema, unaona? Hakuna. Wacha nilale kidogo, nitakuja na godoro."

Chief alikuwa amesimama kando yangu, matope hadi kiunoni. Alitia mkono mfukoni akatoa simu yake, akaitazama, akairudisha. Akaketi chini katikati ya watu, na hakuna aliyemwinua. Mimi pia sikumwinua. Ile filimbi ya Jumamosi ilikuwa yangu.

Ijumaa, 9 Mei

Wamempata Griffins asubuhi. Blanketi lilikuwa bado juu yake.

Jumatano, 14 Mei

Tumemzika kwa wazazi wake, karibu na Kiriaini. Chief alialikwa kusema neno, akatikisa kichwa. Alikaa nyuma na watu wa kawaida, bila kofia. Nilikwenda kwa Shiku nikamwambia pole, nikamwambia na lile la filimbi yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Najua, Madam," akasema. "Mtoto anahitaji kula." Akaenda kumlisha.

Jioni mkubwa wangu alipiga simu. Anafurahi. Watu zaidi ya mia mbili wameokolewa, wageni watarudi, mradi utapelekwa kaunti nyingine. "Watataka kujua muda," alisema. "Andika saa mbili. Ionekane vizuri."

Nilisema mtandao unasumbua.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua imepungua. Wendy alikuja na kompyuta yake. Nilidhani chief hatafika, lakini nilimkuta amekwisha keti, mikono juu ya meza. Chai ilipikwa na mama mwingine.

Wendy alifungua sehemu ya kuingiza muda. "Niweke ngapi?"

Nilifungua kinywa. Chief alinitangulia.

"Saa tano. Na mtu mmoja hakutoka. Hiyo usiondoe."

"Siondoi," Wendy akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Nilimwambia Wendy kwamba mkubwa wangu anataka saa mbili. Nikamwambia aandike saa tano na jina langu chini yake, na mkubwa akiuliza, anipigie mimi. Sikumwuliza mtu kama nimefanya sawa.

Kisha tukacheza, zamu ya chief. Kwenye kioo kulikuwa na Kiamuturi ya zamani, na nyumba zote, na jua. Aliamuru wahame palepale, mbingu ikiwa safi. Maneno ya watu wa kuigiza yakaanza kupanda: Chief, jua linawaka. Chief, na majani? Chief, hii ni ya kutujaribu tu.

"Nung'unikeni," chief akawaambia, kama vile wapo mbele yake. "Nung'unikeni mkienda."

Wakaenda. Nyumba zikabaki tupu moja baada ya nyingine. Mashine ikaandika kwamba wote wameokoka, na Wendy akapumua.

Chief hakupumua. Aliweka kidole juu ya nyumba iliyokuwa ya Shiku.

"Weka mmoja amelala," alisema. "Mchana, mlango umefungwa, simu iko karibu na yeye. Tuanze tena."

Wendy akaandika, nasi tukaanza tena.